Ngoma Ishuke Chini: Uchambuzi wa Kisa cha Onyesho la Muziki la Mtaa Mjini Mombasa

Kisa hiki kinahusu onyesho lililofanyika alasiri moja ya mwezi wa Agosti katika uwanja wa wazi ulio kando ya bahari, kwenye kisiwa cha Mombasa. Waandalizi walikusudia watu wa mtaa waimbe, wapige makofi na kucheza wenyewe, si kukaa na kutazama. Majina ya watu, vikundi, mfadhili na uwanja yameondolewa, na maelezo machache yasiyoathiri maana yamefichwa ili wahusika wasitambulike. Nilihudhuria vikao vya maandalizi nikiwa mwandishi wa kumbukumbu, nilikuwepo uwanjani siku yenyewe, na baadaye nilizungumza na wapigaji, waimbaji, vijana wa usalama na baadhi ya waliohudhuria.

Usuli

Mtaa unaohusika una watu wa kila namna: Waswahili wa Mvita (jina la kale la Mombasa), Wamijikenda wenye asili ya Kwale na Kilifi, na jamaa zilizotoka bara kwa ajili ya kazi za bandari. Wazo la onyesho lilitoka kwa kikundi cha akina mama wa makamo ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipiga chakacha na vugo, ngoma za wanawake, katika harusi. Walilalamika kwamba watoto wao wanaijua chakacha kwa kuitazama hotelini au kwenye simu tu, na kwamba binti aliyezaliwa Mvita anaweza kufika umri wa kuolewa bila kujua wapi pa kuitikia. Walimu wawili wa muziki walijiunga nao, kisha vijana wa mtaa, na hatimaye akapatikana mfadhili aliyekubali kulipia mitambo, jukwaa na usafiri.

Chakacha kwa asili ni ngoma ya wanawake, ichezwayo ndani au uani wakati wa harusi, leso zikiwa zimefungwa kiunoni. Kuitoa uwanjani mbele ya wanaume na wapita njia si jambo dogo, na akina mama walilijadili wenyewe kwa wenyewe kabla ya kukubali. Walitoa masharti mawili: onyesho lianze baada ya swala ya alasiri na limalizike kabla ya adhana ya magharibi, na wanawake watakaocheza wasipigwe picha bila ridhaa yao. Sharti la kwanza liliandikwa kwenye ratiba na kuheshimiwa tangu mwanzo. La pili liliitikiwa kwa mdomo, na halikuandikwa popote.

Nyimbo zilipangwa kuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ngoma ya sengenya, ambayo ingepigwa na kikundi cha Wadigo kutoka pwani ya kusini, na waliwekwa mwanzo kwa heshima ya ugeni wao. Ya pili ilikuwa wimbo mpya wa mtindo wa taarabu uliotungwa na mmoja wa walimu kuusifu mji. Ya tatu ilikuwa chakacha.

Maamuzi ya maandalizi na sababu zake

Mazoezi yalifanyika katika ukumbi wa shule kwa majuma kadhaa, na kila mtu aliyeyahudhuria aliondoka na matumaini makubwa. Watu hamsini au sitini walikaa kwenye viti, wapigaji wakakaa mbele yao, na kila wimbo uliitikiwa vizuri. Hakuna aliyejiuliza kama ukumbi wenyewe ulikuwa ukisaidia.

Jukwaa liliwekwa ukingoni mwa uwanja, mgongo wake ukielekea bahari. Mfadhili alitaka bahari ionekane nyuma ya wasanii katika video, na fundi mitambo naye aliona ni rahisi kuegesha jenereta upande huo. Ngoma zote, waimbaji na walimu walipangiwa nafasi juu ya jukwaa. Mbele ya jukwaa ulisimamishwa uzio wa vyuma, kwa hoja kwamba watoto wangeweza kujikwaa kwenye nyaya za umeme, na vijana wa usalama wakaagizwa wasimruhusu mtu yeyote kuuvuka. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, kwa kuwa nyaya zilipita kweli mahali pale. Viti vichache vilipangwa nje tu ya uzio kwa ajili ya wazee.

Kiongozi wa kikundi cha sengenya, mzee aliyezoea kupiga ngoma akiwa amezungukwa na watu, aliomba kwa simu kwamba wao wapige chini, katikati ya hadhira. Kamati ilikataa kwa upole, ikimweleza kwamba kamera na maiki zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya jukwaa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa kuliko yote katika maandalizi, kwa sababu mzee huyo alikuwa amekwisha kuwapa jibu la tatizo ambalo wao walikuwa bado hawajaliona.

Maneno ya wimbo mpya yalichapishwa kwenye karatasi za kugawiwa langoni. Kiitikio chake kilikuwa beti nzima ya mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani (silabi) 16.

Yaliyotokea siku yenyewe

Siku hiyo kusi ilivuma kwa nguvu. Kwa kuwa jukwaa lilikuwa limeupa mgongo upande wa bahari, upepo uliingia moja kwa moja kwenye maiki na kutoa mngurumo uliomlazimu fundi kupunguza sauti za ngoma mara kwa mara. Karatasi za maneno ya wimbo hazikudumu mikononi. Nyingi zilipeperuka na kunasa kwenye miti ya mikungu iliyo ukingoni mwa uwanja, na watoto wakapata mchezo wa kuzifukuza.

Kikundi cha sengenya kilikwama Likoni, ambako foleni ya feri ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Kamati ilisubiri kwa muda, kisha ikaamua kuwahamisha kutoka mwanzo wa ratiba hadi mwisho ili watu wasichoke. Uamuzi huo ulichukuliwa haraka na hakuna aliyeupinga.

Wimbo mpya ulianza saa 10:40 alasiri. Mwimbaji alikuwa na sauti nzuri na beti zake zilisikilizwa kwa utulivu, lakini kilipofika kiitikio, waliokuwa wakiimba ni wale tu waliohudhuria mazoezi. Wengine walivumisha sauti bila maneno, na walipofika mshororo wa tatu hata hao walinyamaza. Mwalimu aliwahimiza kwa maiki waimbe kwa nguvu, na kadiri alivyowahimiza ndivyo walivyozidi kuona haya.

Chakacha ilipoanza mambo yalichangamka, kisha yakaharibika kwa namna ambayo wengi uwanjani hawakuielewa. Waliokuwa karibu na jukwaa walipiga makofi sawasawa na ngoma. Waliokuwa nyuma, karibu na ukuta wa mawe ya matumbawe unaopakana na barabara, nao walipiga kwa bidii ileile, lakini makofi yao yalifika mbele yakiwa yamechelewa, na wale wa katikati wakawa hawajui wamfuate nani. Mwalimu alisimama mbele ya jukwaa akainua mikono juu na kuanza kupiga makofi makubwa ili wote wamwone. Hilo liliongeza vurugu: waliomfuata kwa macho walipiga wakati mmoja, na waliofuata masikio yao walipiga wakati mwingine, hata kama walikuwa wamesimama bega kwa bega. Wapigaji nao, wakisikia wimbi la makofi yaliyochelewa likiwarudia, walianza kupunguza mwendo.

Katikati ya hali hiyo bibi mmoja aliinuka kutoka upande wa wanawake. Alikuwa amefungua ncha ya leso yake alimofunga pesa, akatoa noti ya shilingi mia mbili, akainyoosha, akaishika juu kwa vidole viwili na kuanza kusogea mbele kwa mwendo wa ngoma, taratibu, kama watu wa Mombasa wafanyavyo wanapokwenda kumtunza mwimbaji, yaani kumzawadia pesa. Alipofika kwenye uzio, kijana wa usalama alimzuia. Bibi alimwambia, “Mwanangu, mimi nenda kumtunza huyu, siendi kwa ubaya.” Kijana, kwa adabu kabisa, akamjibu, “Bibi, niwie radhi, nimeambiwa hapapitwi.” Bibi alisimama pale na noti yake kwa muda, kisha akaikunja na kurudi kwenye nafasi yake. Akina mama waliokuwa wameanza kuinuka nyuma yake walikaa chini. Vigelegele vilikoma, na baada ya hapo makofi yalikuwa ya watoto tu.

Mapumziko na mabadiliko

Kamati ilitangaza mapumziko ya robo saa na kukutana nyuma ya gari la mitambo. Fundi alipendekeza spika mbili za akiba ziunganishwe kwa waya na kuwekwa karibu na ukuta wa nyuma, ili watu wa huko wasikie ngoma wakati uleule inapopigwa. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki, kwani umeme hupita kwenye waya bila kuchelewa kunakoweza kuhisiwa, lakini mtu yeyote ambaye hakusimama katikati hasa ya uwanja angeisikia kila ngoma mara mbili, mara kutoka mbele na mara kutoka nyuma.

Mpigaji vumi, yaani ngoma kubwa, mtu wa miaka mingi katika harusi za Mvita, alisema kwamba jambo ni jepesi: ngoma ishuke chini, ikae katikati ya watu, na wenye kutaka kuimba waje waizunguke. Mwakilishi wa mfadhili alipinga kwa sababu ya video. Kiongozi wa akina mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kama ngoma haishuki, basi wao wanachukua leso zao na kwenda zao. Hapo mjadala ulikwisha.

Mabadiliko yalifanyika kwa haraka. Ngoma za chakacha na zumari vilishushwa na kuwekwa katikati ya uwanja bila maiki. Spika ziliachiwa sauti ya mwimbaji peke yake, tena kwa kiwango cha chini. Uzio ulifunguliwa sehemu ya kati, baada ya nyaya kukusanywa upande mmoja na kufunikwa kwa mkeka mzito. Kiitikio cha wimbo mpya kilikatwa hadi kikabaki kipande kimoja cha mizani 8, “Mvita kwetu nyumbani”, ambacho mwimbaji angekitoa na watu wangekirudisha vilevile. Na sharti la picha, ambalo mpaka wakati huo lilikuwa limesahauliwa huku simu nyingi zikiwa zimeinuliwa, lilitangazwa kwa maiki, na mabinti wanne wakapewa kazi ya kupita upande wa wanawake na kumwomba kila mwenye simu aishushe.

Matokeo

Watu waliizunguka ngoma bila kupangwa na mtu. Wanawake walishika upande mmoja wa duara, wanaume upande wa pili, na watoto wakajipenyeza ndani mpaka miguuni mwa wapigaji. Mwimbaji alishuka jukwaani na maiki yake, akaenda moja kwa moja alipokaa bibi aliyezuiliwa, akamwimbia beti nzima akiwa amepiga goti. Bibi alitoa noti yake mara ya pili. Kuanzia hapo watu walikuja kutunza mmoja baada ya mwingine, wengine kwa noti, wengine kwa sarafu, na kijana mmoja kwa ua la asmini alilolinunua papo hapo.

Makofi yalishikana, ingawa hayakuwa ya aina moja. Akina mama waligawa kila mzunguko wa ngoma mara tatu, na vijana wengi wakaugawa mara mbili. Mwalimu alitaka kuwasahihisha vijana, lakini mpigaji chapuo, yaani ngoma ndogo, alimwambia bila kusimamisha mikono, “Waache wapige wapendavyo, ngoma yenyewe yawachukua wote.” Naye alisema kweli, kwa maana mwendo wa chakacha una mapigo madogo sita ambayo hugawanyika kwa mbili au kwa tatu, na raha yake hasa imo katika kuzisikia namna zote mbili kwa pamoja. Muuza kahawa aliyekuwa akipita aliweka chini birika lake na kuanza kugonganisha vikombe kwenye nafasi zilizoachwa na makofi, na watu waliokuwa karibu naye wakamfuata yeye.

Si kila kitu kilitengenea. Watu waliokuwa mbali kabisa, karibu na barabara, hawakuweza tena kusikia ngoma vizuri na wengi wao waliondoka. Wazee waliokuwa wamepewa viti mbele ya jukwaa walijikuta wakitazama jukwaa tupu, duara likiwa nyuma ya migongo yao, na ilichukua muda kabla ya mtu kukumbuka kuwageuzia viti.

Kikundi cha sengenya kilifika katikati ya chakacha. Walipopata nafasi ya kupiga, zilikuwa zimebaki dakika chache tu kabla ya magharibi, na walipiga ngoma moja pale ambapo walikuwa wamejiandaa kupiga tatu. Walilipwa kama ilivyokubaliwa na hawakulalamika hadharani, lakini kiongozi wao aliondoka bila kukaa kula chakula kilichoandaliwa.

Uchambuzi

Tatizo la makofi lilikuwa la umbali, na hesabu yake inafaa kujulikana na kila anayepanga shughuli kama hii. Katika joto la nyuzi 28, ambalo ni la kawaida pwani, sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Chakacha ile ilikuwa ikienda kwa mapigo makuu 120 hivi kwa dakika, kila pigo kuu likiwa na mapigo madogo matatu, hivyo kila pigo dogo lilichukua sekunde 0.17 hivi. Sauti huhitaji muda huohuo kukata mita 58. Aliyesimama umbali huo kutoka jukwaani alikuwa akipiga kofi lake pigo dogo zima baada ya ngoma, ingawa kwa masikio yake alikuwa sahihi kabisa, na kofi hilo lilipowarudia wapigaji lilikuwa limechelewa mapigo madogo mawili. Mwanga haucheleweshwi na umbali huo, na ndiyo sababu mikono ya mwalimu iliwagawa watu badala ya kuwaunganisha. Ukuta wa mawe ulizidisha tatizo kwa kurudisha mwangwi. Ukumbini mtu wa mwisho alikuwa mita 15 hivi kutoka kwa ngoma, na ucheleweshaji wa sekunde 0.04 hakuna aliyeuhisi. Ngoma iliposhushwa katikati ya uwanja, mtu wa mbali katika duara alikuwa kama mita 20, na ucheleweshaji ukashuka hadi theluthi ya pigo dogo.

Kwa hiyo duara, ambalo baadhi ya wanakamati walilieleza baadaye kama njia ya kurudisha asili, lilifaa kwa sababu ya kazi linayoifanya. Wapigaji wa ngoma za uwanjani, Wadigo kwa Waswahili, wamelitumia kwa kuwa linamweka kila mwitikiaji karibu na chanzo cha sauti, na linamwezesha kumwona aliye mkabala naye. Ukubwa wa duara ndio ukomo wa ushiriki wa aina hii. Watu wakizidi, jibu la busara ni kuwa na maduara mawili yenye ngoma mbalimbali zinazopokezana, wala si kuongeza spika. Hili halikujaribiwa siku ile, na waliokuwa pembezoni ndio waliolipa gharama yake.

Kuhusu kiitikio, inashangaza kwamba mji uliomtoa Muyaka bin Haji, mshairi ambaye tungo zake zilienea midomoni mwa watu wa kawaida, ulipewa kiitikio ambacho mtu hawezi kukishika kwa kukisikia mara moja. Mizani 16 kwa mshororo ni kipimo kinachozoeleka sana katika ushairi wa Kiswahili, na beti za wimbo hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kumpa msikilizaji mzigo wa mtunzi. Mwitikiaji anahitaji kipande kifupi, kinachorudi vilevile, ambacho hakimlazimu kutazama karatasi. Karatasi yenyewe, hata isingepeperuka, ingekuwa imeshika mikono ambayo ilitakiwa kupiga makofi.

Suala la kutunza ndilo linalonigusa zaidi. Waandalizi walitumia majuma kadhaa wakibuni namna ya kuwafanya watu washiriki, na wakati huohuo walijenga uzio mbele ya namna ambayo watu wa mji huu wameizoea tangu utotoni. Bibi yule hakuhitaji kuhimizwa na mtu. Kijana aliyemzuia hafai kulaumiwa, kwa kuwa alitekeleza agizo alilopewa, na alilitekeleza kwa heshima. Wa kulaumiwa ni agizo lenyewe, lililoandikwa bila kumuuliza mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye taarabu au harusi ya Mvita ni nini hutokea mwimbaji anapowakuna watu nyoyo. Nyaya zingeweza kupitishwa upande tangu asubuhi. Zilipitishwa katika robo saa ya mapumziko.

Kuchelewa kwa wageni hakukuwa kosa la mtu. Kuwahamishia mwisho wa ratiba, katika shughuli ambayo mwisho wake umefungwa na adhana na hauwezi kusogezwa, kulikuwa sawa na kuwanyang'anya muda wao. Ingefaa wapigiwe simu wakiwa Likoni, waulizwe, na chakacha ikatwe katikati walipofika. Mambo hayo mawili hayakufanywa kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshughulishwa na makofi. Juma lililofuata wajumbe watatu wa kamati, wakiongozwa na mama mmoja mwenye undugu upande wa Kwale, walivuka kwenda kuwaona, na ilikubaliwa kwamba shughuli ijayo ifanyike kwao, kamati ya Mombasa ikiwa wageni.

Limebaki suala la picha. Mfadhili alikuwa na video za nusu ya kwanza, ambamo nyuso za wanawake kadhaa zinaonekana wakicheza, na alitaka kuzitumia. Kikundi cha akina mama kilikataa, na kwa kuwa sharti lao halikuwa limeandikwa, mazungumzo yalichukua muda mrefu na kuacha uchungu. Mwishowe mfadhili alikubali kubaki na sehemu za wapigaji na za watoto ambao wazazi wao waliridhia, na sehemu nyingine zikafutwa mbele ya wawakilishi wawili wa kikundi. Katika makubaliano ya shughuli ijayo, sharti hilo limeandikwa katika ukurasa wa kwanza, juu ya kifungu cha malipo.